Moyo unasukuma fresh, sasa maji yanatoka wapi?

Mama akishuka daladala Rangi Tatu anasimama kwanza, anashika nguzo, anahema kama kapanda ghorofa tano. Usiku analalia mito mitatu. Ukimbonyeza juu ya kifundo cha mguu kinabaki kishimo, unahesabu mpaka kumi bado kipo. Hospitali ya kwanza wakampima ekoo (ultrasound ya moyo), moyo unasukuma asilimia 60, wakasema moyo mzima huo, ni uzee tu. Na mi nikaamini, si mashine imesema.

Kumbe bana hiyo namba inaonyesha tu kila pigo moyo unatoa kiasi gani cha damu iliyoingia, haisemi umejaa kwa shida gani. Dokta wa pili akatolea mfano wa puto jipya, gumu kulijaza. Moyo wa mama umekakamaa, miaka yote ya presha (vidonge anameza siku kichwa kikimuuma tu) misuli imenenepa haitanuki vizuri, presha inapanda mle ndani ya moyo inarudi nyuma mpaka mapafuni, maji yanavujia huko, ndo pumzi inakata.

Kapewa dawa ya kutoa maji, na empagliflozini. Hiyo ya pili akagoma, "mimi sina sukari mwanangu", maana kweli ilianza kama dawa ya sukari, ila utafiti wa 2021 ulionyesha inapunguza kulazwa hata kwa wagonjwa wa aina hii wasio na sukari. Sasa anameza.

Vita imebaki kwenye chumvi, juzi nimekuta papa mkavu kafungwa gazeti uvunguni mwa kitanda.