Jioni ya Louisville, mimi kocha na mimi mkalimani

Sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zilikuwa hazimruhusu kocha wa kikapu kumpa binti anayemsaka kwa ajili ya timu yake kitu chochote, hata fulana ya chuo, na familia yake hivyo hivyo, kwa hiyo mimi mtoto wa Temeke nikajikuta naenda kwa watu mara ya kwanza mikono mitupu, hata kilo ya sukari sina. Kocha mkuu, Mmarekani, hakuona shida yoyote. Mimi njia nzima nimenuna.

Ilikuwa Louisville, Kentucky, Septemba 2017, wiki kadhaa kabla ya kile kipindi cha Novemba cha wachezaji kusaini na vyuo. Nilikuwa kocha msaidizi timu ya kikapu ya wanawake ya chuo kimoja cha Divisheni 1, daraja la juu la michezo ya vyuo, enzi hizo timu inaruhusiwa wasaidizi watatu tu na mimi ndo nilibeba mambo ya kusaka wachezaji. Huyu binti nilimwona Julai kwenye mashindano ya AAU, yale ya vijana nje ya shule, mrefu, mikono laini, akipokea mpira chini ya goli anageukia bega la kushoto, ukimzuia anakurudia kulia, miguu haijichanganyi hata kidogo. Mechi imeisha nasikia anamgombeza mdogo wake kwa Kiswahili. Kuongea naye pale hairuhusiwi, nikameza mate nikaondoka.

Familia ni Wakongo wa Fizi, walikaa miaka kibao kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, binti kazaliwa hapo hapo kambini. Nilipoingia nikasema shikamoo mama, akaitikia marahaba akacheka, eti hajaamkiwa hivyo tangu Kigoma. Tukavua viatu, mdogo mtu akaja na jagi na beseni tukanawa, ikaletwa bugali, sombe (kisamvu) na samaki. Kula kwao inaruhusiwa, namshukuru Mungu. Kocha mkuu alikula kwa mkono, sombe inamdondokea kwenye suruali, sikumsaidia.

Baada ya kula akaanza maneno yake na mimi natafsiri, chuo kitalipa ada, chumba, chakula, vitabu. Hapo hakudanganya, kikapu cha wanawake Divisheni 1 wakati ule skolashipu ni nzima, hakuna cha nusu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, katoka zamu ya usiku ghalani hajalala vizuri, halafu akaniangalia mimi, sio kocha.

"Mwanangu, mutoto akivunjika muguu, mutamurudisha?"

Swali lenyewe hilo sasa. Tangu 2012 chuo kikitaka kiliweza kutoa skolashipu ya miaka mingi, na vile vyuo vya ligi tano tajiri kuanzia 2015 walijifunga kutomwacha mchezaji kisa kaumia au kiwango kimeshuka. Sisi hatukuwa kwenye hizo ligi. Yetu ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, ukiumia huu mwaka hawakunyang'anyi, mwakani sasa ndo wanaamua wao. Kocha mkuu akajibu kwamba wachezaji wetu tunawatunza kama familia, maneno ambayo kila kocha Marekani anayo mfukoni. Nikayatafsiri yote kama yalivyo, halafu nikaongeza, "Mama, karatasi yenyewe ni ya mwaka mmoja mmoja." Nikamgeukia bosi nikamwambia kwa Kiingereza nimesema nini, asije akadhani namzunguka.

Na muelewe, mkataba wangu mimi nao ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, viza yangu imening'inia hapo hapo kwenye ajira.

Mama akasema Nyarugusu alisaini karatasi nyingi sana, hii waiache aisome na kaka mtu. Enzi hizo bila sahihi ya mzazi binti wa umri ule alikuwa hasaini, kwa hiyo hapo mazungumzo yameisha, tukaletewa chai.

Tumevuka daraja la mto Ohio hakuna anayeongea. Ndani ya Indiana ndo bosi akaniuliza mle ndani nilikuwa upande wa nani. Nikamwambia yule kaka mtu Kiingereza kinapanda kuliko changu, wangeijua tu kesho asubuhi, na ungeonekana wewe ndo muongo. Hakujibu. Ila kesho yake alienda kwa mkurugenzi wa michezo kuomba miaka minne kwa maandishi, nampa haki yake, wakamkatalia kwamba ukimpa mmoja na wengine watataka. Sasa si ndo vizuri wakitaka?

Binti akasaini chuo kingine kilichompa miaka yote minne. Msimu wa pili wake tukapangiwa nao, na kwa kuwa wasaidizi tunagawana wapinzani wa kuchambua, bosi akanipa mimi ile mechi, makusudi kabisa. Nilikesha na video zake. Nikaandika kwenye ripoti wachezaji wetu wamwendee wawili kabla hajageuka, na kweli walimwendea, wakafanya kila nilichosema, naye akawa anarusha pasi kona kwa mwenzake aliyeachwa peke yake, pointi tatu inaingia, tena kona, tatu inaingia, mpaka bosi akaita taimauti akaniambia haya, mkalimani, hiyo nayo tafsiri.