Baada ya Mchango wa Hospitali

Nairobi tunajua sana kumtoa mtu hospitalini. Ajali ikitokea, kundi la WhatsApp hufunguliwa kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji, mweka hazina huteuliwa, nambari ya M-Pesa husambazwa, na kila jioni orodha ya waliochanga hubandikwa upya ili waliobaki waone haya. Siudharau mpango huo hata kidogo. Bila jamaa, majirani, na madereva wa sacco ya matatu (ushirika wa wenye magari ya abiria) ambayo nilikuwa karani wake, nisingeweza kulipia upasuaji wa kuondoa damu iliyojikusanya kati ya ubongo na fuvu baada ya pikipiki kunigonga nikivuka Barabara ya Jogoo. Ila mpango huo umeundwa kwa ajili ya mgonjwa aliyelala, ilhali jeraha la ubongo huonyesha makali yake mgonjwa anapoinuka.

Katika faili langu iliandikwa 7 juu ya 15. Hicho ni kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichobuniwa mwaka wa 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, ambacho humpa mtu alama kwa jinsi anavyofumbua macho, anavyojibu na anavyosogeza viungo. 3 ndiyo alama ya chini kabisa, na kuanzia 8 kushuka huhesabiwa kuwa jeraha kali. Jamaa walizifuatilia alama hizo kama matokeo ya mtihani wa taifa, na zilipofika 15 wakashangilia, wakajua nimepona. Kumbe 15 humaanisha tu kwamba mtu yu macho, anajua alipo na anafuata maagizo. Haisemi iwapo ataweza kujumlisha mapato ya magari ya siku moja, wala kukumbuka kwamba ameteleka sufuria.

Kichwa kinapogongwa kwa nguvu, ubongo husukwasukwa ndani ya fuvu, na nyuzi zinazounganisha sehemu zake huvutika, nyingine zikakatika. Skani ya CT huonyesha vizuri damu iliyovuja, lakini nyuzi hizo mara nyingi hazionekani humo, kwa hiyo mtu huweza kuambiwa kwamba picha yake haina tatizo huku maisha yake yamevurugika. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayopanga shughuli na kuuzuia ulimi. Ikiumia, mtu hupandwa na hasira za ghafla, au hukaa tu asianze jambo lolote, na watu humwita mvivu. Mimi nilipata yote mawili.

Lililo gumu zaidi kueleza ni uchovu. Saa kumi na moja jioni pale Kencom, kituo cha magari katikati ya jiji, makanga huita kwa pamoja, honi hulia, muziki hutoka katika kila gari, na mhubiri naye ana kipaza sauti chake. Ubongo usio na jeraha huyachuja hayo yote bila wewe kujua. Wangu uliyapokea yote kwa nguvu ileile. Nilikuwa nikishikilia nguzo, nauli mkononi, magari ya kwetu Kayole yakijaa na kuondoka, kwa sababu kila nilipomaliza kusoma kibao nilikuwa nimesahau kilivyoanza. Kwa kuwa mguu uliburura kidogo na maneno yalinikwama, askari wa jengo fulani aliwahi kunifukuza akidhani nimelewa. (Mlevi, walau, huamka akiwa mzima.)

Wakati huo kundi la mchango lilikuwa limenyamaza. Aliyebaki ni shemeji yangu, fundi wa umeme asiye na maneno mengi, aliyekuja kila Jumamosi tukaenda sokoni pamoja. Alisimama hatua mbili nyuma yangu, akaniacha niulize bei, nihesabu chenji, nikosee na nirudie. Mtaalamu wa tiba ya kazi, yaani anayemfunza mgonjwa kufanya tena shughuli za kila siku, alikuwa amemweleza kwamba kumfanyia mgonjwa kila kitu ni kumchelewesha. Mtaalamu huyohuyo ndiye aliyenipa daftari moja tu, kalamu imefungwa kwa uzi, na akanielekeza niandike “Zima gesi” mlangoni badala ya jikoni, kwa kuwa mtu aliyesahau jiko hana sababu ya kurudi huko kusoma karatasi. Saa ya dawa za kifafa hulia kwenye simu yangu na ya mke wangu.

Tulipokuwa tukisubiri tiba ya viungo, wake na akina mama wa wagonjwa walianza kuzungumza kwenye benchi la nje, na mazungumzo hayo yakawa mkutano wa kila mwezi katika ukumbi wa kanisa. Humo niliwasikia wanawake wakieleza jinsi ilivyo kuishi na mume mwenye sura ileile na hasira za mtu mwingine. Mke wangu alifunga kibanda chake cha mboga ili anitunze, na hasara hiyo haikuandikwa katika orodha yoyote ya mchango. Kwa maoni yangu, msaada wa kwanza ungepaswa kumfikia mtunzaji.

Mkutanoni ndiko nilikoshawishiwa kujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, jambo nililolikataa kwa muda kwa kuwa natembea. Wapo wanaoutafuta msamaha wa kodi, ambao kwa mwenye cheti huhusu mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi; mshahara wangu haufiki hata karibu na hapo. Kwangu kadi ya usajili huo ni jibu la haraka kwa askari wa mlangoni. Tena kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinataka mtu mwenye ulemavu aitwe kwa namna isiyomdhalilisha, na nimewahi kumsomea kifungu hicho dereva aliyezoea kuniita kichaa.

Kazini nimerudi kwa nusu siku, asubuhi tu, ninaingiza risiti na mwenzangu anakagua. Meneja anauona mpango huo kuwa wa muda. Nimemweleza kwamba nafuu huja kwa kasi miezi ya mwanzo, kisha husonga polepole kwa miaka, na bado hatujaafikiana kuhusu mshahara. Lile kundi la WhatsApp tumelifufua, ila sasa tunagawana zamu: huyu ananisindikiza kliniki, yule anashinda nami mke wangu anapotoka. Baadhi ya watu walijitoa walipoona kinachoombwa ni muda wala si fedha, lakini waliobaki wametosha kukifungua kibanda cha mboga siku tatu kwa wiki.