Antena Zikionana Uso kwa Uso, Uwezo wa Chaneli Huenda Wapi?

Fundi anayefunga redio juu ya mnara huhakikisha kwanza kwamba antena yake inaiona ya upande wa pili bila jengo wala mti kuziba njia. Kwa kiungo chenye antena moja kila upande, hangaiko hilo ni sahihi kabisa. Antena zinapokuwa nne kila upande, suala hugeuka, na nimewasikia wengi wakilalamika kwamba ishara ina nguvu tele ilhali kasi haipandi kama walivyotarajia.

Foschini na Telatar, watafiti wa Bell Labs, maabara ya mawasiliano ya Marekani, walionyesha katikati ya miaka ya 1990 kwamba uwezo wa chaneli, yaani kasi ya juu kabisa ya data ambayo njia ya redio inaweza kubeba, unaweza kukua sambamba na idadi ya antena, kwa kufuata upande wenye antena chache, bila kuongeza upana wa bendi, yaani kipande cha masafa kinachotumika. Sharti lake husahaulika kwa urahisi. Kila antena ya kutuma hurusha mkondo wake wa data, kila antena ya kupokea hupata mchanganyiko wa mikondo yote iliyotumwa, na kipokezi huitenganisha kama mtu anayetatua milinganyo minne yenye visivyojulikana vinne. Mawimbi yakigonga kuta, magari na mabati kabla ya kufika, kila antena hupata mchanganyiko wake. Lakini yakija moja kwa moja kutoka mbali, hali antena zimebanana, kila antena hupokea karibu mchanganyiko uleule. Mlinganyo wa pili unakuwa wa kwanza uliozidishwa tu, na mikondo minne haitenganishiki tena.

Tuchukue antena nne kwa nne, na uwiano wa ishara na kelele wa desibeli 20, yaani ishara yenye nguvu mara 100 ya kelele. Katika chaneli ya Rayleigh, yenye mtawanyiko kamili, uwezo wa wastani ni takriban biti 22 kwa sekunde kwa kila hezi. Katika chaneli ya njia moja iliyonyooka, kitumaji kisipoijua chaneli, yaani kisipojua mawimbi yake yanafikaje upande wa pili, uwezo hushuka hadi takriban 8.6, kikiijua na kuelekeza nguvu zote kwenye mwelekeo mmoja, hufika kama 10.6. Kati ya hali hizo mbili ndipo hutumika kigezo cha K katika modeli ya Rice, yaani uwiano wa nguvu ya njia iliyonyooka kwa nguvu ya mawimbi yaliyotawanyika.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaohitimisha haraka kwamba kuonana kwa antena ni hasara. Hesabu hiyo imeshikilia uwiano wa ishara na kelele usibadilike, jambo ambalo mtaani halitokei. Jengo likiziba njia na kutupokonya desibeli 20, uwiano hubaki desibeli 0, yaani ishara sawa na kelele, na hapo hata chaneli yenye mtawanyiko kamili, kitumaji kisipoijua, haiwezi kuzidi wastani wa biti 4. Kiungo kinachoonana, pamoja na umaskini wake wa njia, bado kinashinda kwa mbali.

Isitoshe, umaskini huo unatokana na jinsi antena zilivyopangwa, kwa hiyo una dawa. Kwa safu mbili zinazotazamana sambamba, mikondo hutengana kikamilifu pale nafasi kati ya antena za kutuma, ikizidishwa kwa nafasi kati ya antena za kupokea, inapokuwa sawa na urefu wa wimbi mara umbali wa kiungo, gawanya kwa idadi ya antena za kila upande. Kwa antena mbili kwa mbili katika gigahezi 80, kwenye kiungo cha kilomita 1, nafasi inayohitajika ni kama mita 1.4 kila upande, ambayo mnara unaibeba bila taabu. Katika gigahezi 2.4 umbali huohuo unadai karibu mita 8, na sidhani kama kuna mwenye jengo atakayekubali. Hesabu hii pia hulenga umbali mmoja mahususi, ndiyo maana inafaa viungo vya kudumu kuliko simu inayotembea.

Kwa masafa ya chini, njia ya kawaida ni kutuma mkondo mmoja kwa mtetemo wa wima na mwingine kwa mtetemo wa mlalo, kwani mitetemo hiyo hubaki tofauti hata pasipo ukuta wowote wa kutawanya mawimbi. Mpangilio huo hutoa mikondo miwili tu, kwa hiyo anayenunua redio ya antena nne kwa ajili ya kiungo kirefu cha wazi aulize kwanza antena hizo zimetenganishwa kwa mita ngapi.