Mkoko haupandwi popote penye tope

Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado mtini. Kile kijiti kirefu cha kijani kinachoning'inia tayari ni mche. Msikivute kikiwa kichanga, jamani. Angalia shingo, pale kinapokutana na tunda: ikitokeza pete ya njano kimekomaa, kitaachia kwa kuguswa tu. Kichomeke wima, ncha kali chini, theluthi yake izame topeni, mita 1 kati ya mche na mche.

Kosa kubwa ni mahali. Watu hupanda chini mno kuelekea baharini, juu ya nyasi bahari, malisho ya kasa na nguva, kwa kuwa pako wazi. Hapo maji hukaa muda mrefu, miche inakufa. Fuata usawa ilipo mikoko iliyokwisha kukua.