Rambirambi ya Dola Ishirini

"Dola tisini kwenda na kurudi. Kusubiri ni mbali."

Hiyo ndiyo bei niliyotajiwa Pittsburgh, Marekani, asubuhi ya Jumamosi, na bado nilikuwa sijapona dola 119 za chumba kisicho na hata birika la chai. Basi la kwenda Evans City sikulipata. Ni kilomita kama 45 kaskazini, na mwenye gari ndiye mwenye neno. Nikapanda.

Siku nane nilizokaa kwa dada yangu Columbus sina la kuzisimulia. Nilikula, nikalala, nikapigwa baridi. Safari yangu hasa ilikuwa hii. Mimi natengeneza filamu za kutisha, hizi zetu ndogondogo, Handeni na Tanga mjini, kamera moja na taa mbili za kuazima. Siku zote nilitaka kuyaona makaburi ya Evans City, ambako George Romero alipiga Night of the Living Dead, filamu yake ya kwanza ya mazombi, yaani maiti wanaotembea, mwaka 1967.

Kabla hatujatoka mjini nikampigia mama, nikamlalamikia bei kwa Kizigua, nikijua hapa hakuna wa kunisikia. Dereva akaniangalia kwenye kioo.

"Mjomba, kwani tisini ni nyingi?"

Kwa Kizigua hichohicho! Ila cha zamani kidogo, kama alivyokuwa anaongea marehemu bibi. Simu ilinidondoka. Kumbe ni katika wale Wazigua wa Mto Juba, Somalia, ambao wahenga wao walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu karne ya 19. Utoto wake ni kambi ya Kakuma, Kenya, kisha Marekani. Handeni hajawahi kuiona kwa macho, lakini lugha ya kwao hawakuitupa. Bei ikashuka palepale: sitini.

"Evans City unaenda kwa nani?"

"Makaburini."

Akazima redio. "Pole sana, mjomba. Umefiwa na nani?"

Hapa ndipo nilipoharibu. Ningesema ukweli, yangeisha. Mimi nikasema, "George."

"Ndugu?"

"Mwalimu wangu."

Uongo mtupu haukuwa, maana nimejifunza kwake. Ila Romero alifia Toronto mwaka 2017, na Evans City hana kaburi. Kwenye taa nyekundu dereva akachomoa noti ya dola ishirini, akanikunjia kiganjani kwa mikono miwili. Rambirambi. Ningeirudishaje? Kwetu rambirambi hairudishwi. Nikaitia mfukoni, na njia nzima ikawa inanichoma paja.

Makaburi yenyewe ni madogo! Kwenye filamu gari linapanda kilima ukadhani linaelekea mwisho wa dunia. Kumbe ni kipande cha barabara, mawe ya makaburi, na kikanisa ambacho nusura kibomolewe, mashabiki wakachangishana kukikarabati. Ile nyumba ya shambani waliyojifungia watu wa kwenye filamu ilibomolewa zamani. Nikasimama pale nikahesabu hatua. Filamu iliyoifundisha dunia mazombi, lokesheni yake unaimaliza kabla sigara haijaisha.

Dereva alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, viganja juu, anamsomea dua George. Mimi sikumwona. Niliegemeza simu kwenye begi, nikawasha kamera, nikarudi nyuma ya jiwe, kisha nikaja nikikokota mguu, kichwa upande, mdomo wazi.

"Astaghfirullah!"

Nadhani ilisikika mpaka barabarani. Alinifuata, akaniona ninavyocheka, akageuka kwenda garini bila neno. Nilipoingia akasema, kwa Kiswahili sasa, si Kizigua: "Tisini. Na kusubiri."

Hasira yake naijua. Mwaka 2016 wazee wa kijijini walitufukuza makaburini na kamera yetu. Nikaishia kuchimba kaburi la uongo kwenye mihogo ya bibi, nyuma ya nyumba. Bibi hakuila mihogo ya upande ule mpaka alipofariki.

Kimya kiliponizidi nikaanza kumsimulia George ni nani. Kijana aliyekuwa akitengeneza matangazo ya bia hapa Pittsburgh. Walianza watu kumi, kila mmoja akatoa dola 600, na mpaka inakwisha filamu imekula kama dola 114,000. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti. Gari lilikuwa la mama wa mmoja wao. Likagongwa na mtu katikati ya kazi, likabonyea, basi wakabadilisha stori ili nalo ligonge mti mbele ya kamera. Hapo kidogo akatabasamu. Dereva yeyote anaielewa hiyo.

Kisha nikamweleza ya mwaka 1968. Msambazaji alibadilisha jina la filamu, na kwenye maandishi mapya ya jina, yale yanayotokea mwanzoni mwa filamu, akasahau kuweka mstari mmoja tu, ule wa haki miliki. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, basi, mali imekuwa ya umma. Kila aliyetaka aliidurufu akauza. Miaka michache baadaye Romero alikuwa anatengeneza vipindi vya wanamichezo ili apate kula. Leo nyaraka zake zinatunzwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Skripti zangu mbili za kwanza zililiwa na mchwa.

"Na wewe yako?"

Yangu ya kwanza nilimpa msambazaji mmoja Kariakoo kwa mkataba wa ukurasa mmoja. Wiki ya pili niliikuta inaonyeshwa banda umiza Mbagala, jina langu limekatwa. Nilikaa kwenye benchi nikalipa kiingilio kama wengine. Mtoto wa mbele yangu alijifunika uso kwa shati, kama mimi nilivyofanya zamani nilipoangalia Nsyuka ya Mussa Banzi, na nikajikuta nimefurahi. Upumbavu gani ule, sijui.

Tulipofika hotelini nilimpa tisini, kusubiri ishirini, na ile noti yake juu. Akahesabu. Ile noti akanirudishia.

"Ina watu wanaongea Kizigua, hiyo yako?"

"Bibi anaongea. Ndiye mchawi."

Akatoa simu. "Nirushie, mjomba. Nataka mama yangu amsikie."

Nikasema huwa naiuza. Akaendelea kuishika simu vilevile, anasubiri.

Nikamrushia.