Na Gharama Je?

Jana usiku nimeingizwa kwenye grupu la kamati ya harusi ya binti wa Ba'mdogo. Mwenyekiti anataka ahadi kabla ya Ijumaa. Nilishika simu muda mrefu bila kuandika kiasi chochote, akili imerudi Moshi, mwaka 2018, ndani ya chumba cha Jaji.

Ugomvi wetu na Ba'mdogo ulikuwa wa kihamba, shamba la familia. Baba alifariki, Mama akawa msimamizi wa mirathi, Ba'mdogo akashinda kwenye Baraza la Ardhi, na siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu zikatupita. Tukapeleka maombi mawili: moja la kuongezewa muda, jingine la kusimamisha utekelezaji wa hukumu ili Mama asitolewe shambani. Kabla hayajasikilizwa, wazee wa ukoo wakatukalisha. Ba'mdogo alikuja na isale mkononi, jani la kuombea msamaha na amani, na kwetu Uchagani isale likishaletwa, unalipokea. Upande wa juu wenye migomba na makaburi ukabaki kwa Mama, kahawa ya chini ikawa ya Ba'mdogo.

Siku ya tarehe, mawakili walisimama mmoja baada ya mwingine wakaomba maombi yote mawili yaondolewe kwa ridhaa ya pande zote. Jaji alikuwa akiandika kwa mkono, kwa Kiingereza. Sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ilikuwa bado, ilikuja 2021. Akauliza bila kuinua uso:

"Na gharama je?"

Mbele ya wazee hakuna aliyelitaja hilo. Wakili wa Ba'mdogo akasema wanaziomba. Mteja wake amesafiri kutoka Arusha kila tarehe, ameandaa viapo kinzani viwili, vya kupinga maombi yetu, na kwa kawaida anayeleta maombi kisha akayaondoa ndiye hulipa. Kisheria hakukosea. Wakili wetu akajibu kwamba hawa ni ndugu na wameshapatana.

Jaji akaweka kalamu. Akamweleza Mama, taratibu kabisa, kwamba kifungu cha 30 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinamwachia yeye uamuzi wa gharama, lakini akimnyima anayestahili lazima aandike sababu. "Sasa nipeni sababu," akasema.

Mama akasimama, mikono ameikutanisha mbele.

"Mheshimiwa, shemeji ndiye aliyenunua jeneza la mume wangu. Ndiye aliyelipia gari la kumtoa hospitali mpaka nyumbani. Sijamrudishia hata senti, na hajawahi kunidai. Kama leo ni siku ya hesabu, naomba tuanzie huko. Nitalipa yote."

Hakuwa anamsuta. Namjua Mama, alimaanisha kila neno. Nadhani alikuwa ameshaanza kufikiria auze nini. Chumba kilinyamaza. Ba'mdogo alikuwa anaizungusha kofia yake magotini, akaizungusha tena, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kaa, shemeji." Akamtazama wakili wake, akatikisa kichwa.

Jaji akaandika. Akatusomea kwa Kiswahili: maombi yameondolewa kwa ridhaa, na kwa kuwa wadaawa ni wa familia moja na wamefikia mwafaka, kila upande utabeba gharama zake.

Naamini ile ilikuwa amri njema. Bila hiyo, Ba'mdogo angekuwa na siku 60 za kuleta hati yake ya madai ya gharama, na tungerudi kubishana juu ya nauli, viapo na ada ya wakili, risiti kwa risiti. Isale lisingestahimili hayo.

Lakini Mama alikuwa ameuza mtamba na kukopa kikoba ili kumlipa wakili. Deni lile alilibeba kwa muda mrefu, akiuza ndizi, wakati Ba'mdogo alikuwa na mshahara wake. Kila upande ulibeba chake, kweli, ila mizigo haikulingana, na hakuna mzee wa ukoo aliyewahi kulizungumza.

Niliwahi kumwuliza Mama kama Ba'mdogo anajua kuhusu ule mtamba. Akasema, "Mwulize mwenyewe, ni baba yako." Sijamwuliza. Kila nikikutana naye ananikumbatia na kuulizia hali ya Mama kwanza kabla ya yangu, nami nashindwa nianzie wapi.