Thredi ya Kiitaliano haifunguliwi hivyo, na bili nimelipa mimi

Jamani leo niacheni niongee. Nimelipa euro 95 kwenye duka la baiskeli, duka zuri la vioo, kwa kazi ya kuniharibia kitu nilichowapelekea kizima. Hesabu mwenyewe kwa shilingi zetu, halafu kumbuka fundi wa stendi pale Shinyanga anakufumulia baiskeli yote, gololi zinaoshwa na mafuta ya taa, grisi mpya, ringi inanyooshwa, na unajua unamwachia bei gani.

Kwa msionifahamu, niko Arzignano, kaskazini mwa Italia mkoa wa Vicenza, huku kwenye viwanda vya ngozi. Jirani yangu ni mama mtu mzima, mume wake marehemu alikuwa anashindana enzi za ujana. Siku moja ananiambia watoto wanataka stoo isafishwe na baiskeli ya baba yao iende kwenye vyuma chakavu, yeye roho inamuuma, mwanangu toa euro 150 uichukue lakini uiendeshe, usiitundike ukutani. Nikatoa hapo hapo.

Ni Wilier Triestina ya mwisho wa miaka ya 70, ile rangi yao ya shaba inayong'aa ambayo mwendesha baiskeli Fiorenzo Magni alishinda nayo Giro, mashindano makubwa ya kuzunguka Italia, ya 1948. Fremu ni mirija ya Columbus SL, chuma cha Milano, ukuta wa mrija milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati, mafundi waliuacha unene pale tu penye joto la kuchomelea. Wewe uliyekulia kwenye Phoenix, uliyebeba magunia ya mkaa na mama mgonjwa kwenye keria, ukiinyanyua hii kwa mkono mmoja utaniangalia usoni uone kama nakutania. Chuma ni chuma lakini kuna chuma kilichofanyiwa kazi na mtu aliyetulia.

Tatizo ni kwamba mtu alishaichezea. Nyuma wameweka habu, kile kitovu cha gurudumu, ya kisasa ya milimita 130 kwenye fremu ya 126, yaani wameitanua fremu kwa nguvu ili tairi iingie. Direla, kile kifaa kinachohamisha cheni, ni cha Kijapani cha juzi juzi. Pedeli za kubofya kiatu. Mimi nikasema hapana, hii itarudi ilivyokuwa. Vifaa vya Campagnolo, aina ya Nuovo Record, mwanzo mwisho, mikono ya gia kwenye mrija wa chini, waya za breki zitoke juu ya usukani hewani, pedeli za kikapu na mkanda wa ngozi, usukani wa Cinelli. Na siyo maringo. Kule Gaiole in Chianti, Toscana, kila mwanzo wa Oktoba kuna L'Eroica, safari ya baiskeli za zamani, ilianza 1997, watu wanaendesha barabara nyeupe za vumbi na kokoto, na hawakuruhusu kuingia na mchanganyiko: fremu ya chuma ya 1987 kurudi nyuma, gia kwenye mrija, waya nje, pedeli za mkanda. Barabara za vumbi! Mimi nimekulia kwenye barabara za vumbi. Nikaona hapa ndipo pangu.

Sasa nikahitaji kutoa vikombe vya gololi pale kwenye ekseli ya pedeli. Nyumbani kwangu sina kifaa cha kukishika kikombe cha upande wa cheni, ni chembamba na spana ya kawaida inateleza, ndio nikapeleka dukani. Nikamwambia kijana, kwa Kiitaliano kizuri tu kwa sababu nimekisoma jioni baada ya kazi miaka yote hii, nikamwambia angalia, hii thredi, ile mikato ya skrubu, ni ya Kiitaliano, upana milimita 36, mikato 24 kwa inchi, pande zote mbili zinafunguka kushoto. Baiskeli nyingi kikombe cha upande wa cheni kina thredi ya kinyume, unafungua kulia, ila ya Kiitaliano siyo, na ndiyo maana mafundi wa zamani walikuwa wanakikaza kwelikweli, kwa sababu ukikanyaga sana huwa kinalegea chenyewe. Kijana hakunijibu. Akamgeukia mwenzangu wa kazini, Muitaliano, niliyekwenda naye, ambaye hajui hata kuziba pancha, akamuuliza yeye "mnataka nini hasa?" Halafu akakaza kulia na bomba refu mpaka mdomo wa kikombe ukameguka. Bili: kutoa, euro 95, na ushauri kwamba fremu haifai ninunue mpya, wana ofa.

Hapo ndipo damu ilipochemka. Baba mdogo alikuwa fundi baiskeli, mimi nimeshika spana kabla sijashika kalamu, nilikuwa najua kusikia gololi iliyopasuka kwa kuweka sikio kwenye siti. Na hapa Vicenza, mji alikofungua kiwanda Tullio Campagnolo mwaka 1933, mtu anaona rangi yangu anaamua sijui thredi inazunguka wapi.

Mnaotaka kuja huku nisikilizeni. Kabla hawajagusa kitu chako chochote, baiskeli, gari, boila, omba makadirio ya maandishi yenye bei, bila hiyo huna pa kuanzia ukitaka kulalamika. Na ukinunua baiskeli kwa mtu mwandikishane, jina, tarehe, namba ya fremu, mpige na picha, maana mtu mweusi juu ya baiskeli ya maana husimamishwa na huyo polisi hataki maelezo anataka karatasi. Mimi yangu iko kwenye simu na kopi chini ya siti. Lugha pia, usitegemee Kiingereza huku viwandani, hakitakufikisha popote.

Ila niseme na haya, nisije nikaonekana nawachukia. Mama jirani aliposikia alikasirika kuliko mimi, akapiga simu kwa rafiki wa marehemu, mzee yuko juu kule karibu na Schio. Nikapanda treni na fremu begani. Mzee akaangalia kikombe, akaniuliza mimi, siyo mtu mwingine, nani amekaza kulia? Akakibana kwenye jiliwa ya chuma, fremu yote akaizungusha kama usukani, kikombe kikaachia. Thredi za fremu zikabaki salama. Akaichezesha fremu taratibu mpaka ikarudi 126, anapima na uzi pande zote mbili, vile vile baba mdogo alivyokuwa anapima. Akafungua boksi akatoa direla ya Nuovo Record, imeandikwa Patent-78, ndio umri wa baiskeli yangu. Mtandaoni ni ghali. Akachukua euro 40 na kazi yote ndani, na mchana nikala kwake.

Huko kwenye grupu la familia nasikia wanasema nachezea hela kwenye baiskeli kuukuu wakati kuna bati za kumalizia. Dada yangu, bati nimetuma mwezi uliopita, uliza kwa mama. Hii ni hela ya ovataimu za Jumamosi nikiwa nimesimama kwenye harufu ya ngozi mbichi, na nitaitumia ninavyotaka.

Kilichobaki ni gia ya mlima. Klenki yangu ya Record, ule mkono wa pedeli, ina duara la bolti la milimita 144, gia ndogo ya mbele haishuki chini ya meno 41, nina 42, na ule mlima wa kokoto wa Monte Sante Marie kwenye njia ya L'Eroica hauna huruma. Direla yenyewe kwa kitabu inakubali meno 26 nyuma. Natafuta frihwili, zile gia za nyuma, ya Regina ya gia sita, thredi ya Kiitaliano, meno 13 mpaka 26, meno yasiwe yamelika. Kama uko Italia, Ubelgiji, popote, unayo au unamjua mwenye nayo, nitumie picha na bei. Natuma hela leo leo.